Hujachoka mikono, umechoka kichwa: mwongozo kamili wa kushusha stresi kwa mama mwenye kazi nyingi

Siku niliyojua kwamba nina stresi kweli kweli ilikuwa ni kwa sababu ya soksi. Saa 12 na robo asubuhi, vitumbua viko jikoni, wateja wawili wameshasimama na vibakuli vyao, mdogo analia mgongoni, afu Zuhura anakuja ananiambia mama soksi moja haionekani. Nilimfokea yule mtoto mpaka jirani akatoka nje akidhani tumeingiliwa na mwizi. Na soksi yenyewe mimi ndo niliifua jana yake nikaianika kwenye mkorosho uani nikasahau kuanua. Vitumbua navyo vikaungua, tena vile vya wateja.

Mchana akaja bibi wa nyumba ya tatu, hapa Magomeni ya Mtwara sote tunamwita bibi na ndiye somo wa nusu ya wanawake wa mtaa huu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavuta kigoda akakaa kimya kwanza. Afu akasema, "Mwanangu, mbona kazi zako ni zile zile za mwaka jana? Wewe hujachoka mikono, umechoka kichwa."

Nilibisha. Ila baadae nikakaa nikahesabu, nikaona kweli, kinachonimaliza sio kupika wala kufua, ni kukumbuka. Nani ana homa, gesi imebaki kiasi gani, marejesho ni lini, sare ya nani imechanika, mama mkwe hajapigiwa simu wiki ya pili, unga wa mchele umebaki kilo ngapi. Mume anakumbuka kazi yake, watoto wanakumbuka michezo yao, vingine vyote viko kwenye kichwa kimoja.

Kwa hiyo haya nitakayoandika hapa hayahitaji uende saluni wala uombe siku mbili za kupumzika, maana najua hizo siku huna na mtoto huna wa kumwachia. Ni vitu vinavyoingia humo humo kwenye kazi zako. Usivianze vyote kwa mpigo, chukua kimoja ukae nacho wiki nzima afu uongeze kingine.

Kwanza: mkamate anayekuchemsha

Kwa siku 3 tu, kila ukihisi kifua kimebana au umefoka bila sababu, andika saa na kilichokuwa kinaendelea. Nyuma ya kalenda, kwenye simu, popote. Usiandike insha, andika "saa 1 usiku, umeme umekatika, chakula bado".

Mimi nilidhani nina stresi siku nzima, kumbe nilipoangalia kikaratasi karibu zote zilikuwa sehemu mbili: saa 12 mpaka saa 1 asubuhi, na saa 12 mpaka saa 2 usiku. Katikati hapo mbona nacheka na wateja vizuri tu. Hii ilinisaidia sana maana nikaacha kusema "maisha yangu magumu" nikaanza kusema "asubuhi yangu imekaa vibaya", na asubuhi unaweza kuipanga. Soksi, sare na madaftari sasa hivi vinawekwa kwenye beseni moja karibu na mlango tangu usiku. Hapo tu nusu ya kelele ya asubuhi ikaondoka.

Mdogo wangu yuko Lindi, ameajiriwa ofisini, yeye hana vitumbua. Akafanya kama mimi, akakuta kinachomchemsha ni ile nusu saa ya kutoka kazini, maana akili bado iko kwenye mafaili na simu za nyumbani zimeshaanza kuita, mama gesi imeisha, mama mtoto ameanguka. Kila mtu ana saa yake mbaya, itafute yako.

Pumzi, wakati mafuta yanapata moto

Kwanza ujue mwili unafanya nini. Ukishtuka au ukikasirika mwili unamwaga homoni, adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, sukari inapanda kwenye damu, misuli inakaza, yote hayo ni ili uweze kukimbia au kupigana. Kama kuna nyoka uani inasaidia sana. Ila kama ni mteja anadai chenji na wewe umekaa kwenye kigoda, ule moto wote hauna pa kwenda, unabaki mwilini, na ikiwa hivo kila siku ndo unaanza kuumwa mabega, tumbo linavuruga, usingizi unakata saa 9 usiku.

Breki ya huo moto iko kwenye kutoa pumzi. Ukitoa pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, mapigo ya moyo yanashuka. Fanya hivi:

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, tumbo lijae, sio mabega kupanda. Afu toa kwa mdomo ukihesabu mpaka 6, midomo umeikunja kama unapuliza mkaa na hutaki majivu yakurukie usoni. Ukipuliza kwa nguvu majivu yanaruka, ukipuliza taratibu moto unashika, sasa ni ile pumzi ya pili. Rudia mara 10. Zinaenda kama dakika moja na kitu.

Siri ni kuifungia kwenye kitu unachokifanya kila siku, maana ukisema "nitapumua nikikumbuka" hutakumbuka. Mimi nafanya nikishamimina mafuta kwenye kikaango nasubiri yapate moto, pale huwa hakuna cha kufanya zaidi ya kusubiri. Mdogo wangu anafanya akiwa kwenye bajaji kabla hajashuka nyumbani. Wenzangu mnaoswali, ile sijda usiikimbize, na ule muda wa udhu maji yakigusa uso ni nafasi nzuri kabisa ya pumzi mbili tatu ndefu.

Kama ukifanya kichwa kikawa chepesi kama unazunguka, unavuta nyingi mno, punguza, rudi kwenye pumzi ya kawaida.

Kukamua tui

Hii naipenda kuliko zote, kwa sababu niligundua nimekuwa nikiifanya maisha yangu yote bila kujua.

Kuna daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, miaka ya 1920 kule Chicago alikuwa anawafundisha wagonjwa wake kukaza misuli kwa makusudi afu kuiachia, kundi moja baada ya jingine, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hajui hata kama amejikaza. Ukimwambia "legeza mabega" anakwambia nimelegeza wakati yako masikioni. Ila akiyakaza kwanza kwa nguvu afu akaachia, mwili unaona tofauti.

Sasa fikiria umeshakuna nazi kwenye mbuzi, machicha yako kwenye beseni, umemimina maji ya vuguvugu. Shika machicha kwa mikono miwili, kamua kwa nguvu uhesabu mpaka 5, sikia mpaka kwenye viwiko. Afu achia mikono kabisa, iache ilegee ndani ya beseni, hesabu mpaka 10 bila kufanya kitu chochote. Hapo ndo watu wanakosea, wanakamua harakaharaka mfululizo. Kile kituo cha kuachia ndo dawa. Kamua tena, achia tena. Mpaka tui zito limetoka mikono imepoa.

Kutoka hapo endelea na mabega, yapandishe mpaka karibu na masikio, hesabu 5, yaachie yaanguke. Uso nao, kunja kama umelamba ukwaju, achia. Meno ndo usisahau, wengi tunalala tumeyauma, asubuhi taya linauma tunasema ni jino bovu. Ukiwa kitandani anza na vidole vya miguu panda juu mpaka usoni, mara nyingi mimi sifiki tumboni nimeshalala. Sehemu yenye kidonda, mshono au maumivu ya zamani usiikaze, iruke.

Toa vitu kichwani uviweke kwenye daftari

Kuna mwanasaikolojia alikuwa anaitwa Bluma Zeigarnik, mwaka 1927 alichapisha utafiti wake kwamba kazi ambayo haijaisha inang'ang'ania kichwani kuliko iliyoisha. Mama yeyote angeweza kumwambia bila utafiti, lakini sawa. Na mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Baylor kule Marekani wakaonyesha kwamba watu walioandika mambo ya kesho yake kwa dakika 5 kabla ya kulala walipata usingizi mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha yamaliza.

Kwa hiyo chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, likae sehemu moja, langu liko juu ya friji na kalamu nimeifunga na kamba maana kalamu humu ndani zinaota miguu. Kila usiku, dakika 5, andika kila kinachozunguka kichwani bila mpangilio, hata "kumuuliza dada kuhusu kitenge". Ukimaliza, weka nyota kwenye vitu 3 tu vya kesho. Vitatu, sio kumi na mbili. Vingine vimeshaandikwa havitakimbia.

Andika kwa kitendo. Usiandike "shule", andika "kupeleka elfu 5 ya mtihani kwa mwalimu wa darasa". Neno "shule" peke yake likikaa pale linakutisha tu, halikwambii ufanye nini.

Gawa kazi pamoja na kuikumbuka

Hapa ndo kwenye ubishi, kwa hiyo nitaongea polepole.

Nilikuwa namwambia baba Zuhura, "Nisaidie kuchukua maji." Anachukua, hana tatizo. Kesho yake tena namwambia. Keshokutwa namwambia. Maana yake kazi ya kubeba amechukua yeye ila ya kukumbuka bado ninayo mimi, na juu yake imeongezeka kazi ya kuomba. Afu nikichelewa kuomba maji hayapo, naonekana mimi ndo sijapanga.

Siku moja ametulia, ameshakula, sio ile saa nimefura, nikamwambia, "Baba Zuhura, nataka maji yawe yako. Sio kunisaidia, yawe yako kabisa. Mapipa yakiwa matupu usinisubiri niseme." Akauliza, "Yaani nikague mwenyewe?" Nikamwambia ndio, na mimi sitakagua nyuma yako.

Hilo la mwisho ndo gumu. Wiki ya kwanza pipa moja lilikauka kabisa na mimi nililiona tangu asubuhi nikanyamaza. Jioni akarudi akakuta hakuna maji ya kuoga, na joto lenyewe la Novemba mnalijua. Tangu siku hiyo hajasahau. Ningemkumbusha asubuhi ile, yangekuwa maji yangu mpaka leo.

Watoto nao wape kazi nzima. Wa miaka 4 au 5 anaweza kupanga viatu na kukunja kanga ndogo. Wa 7 au 8 anaosha vyombo visivyo vya kioo, anafagia uwanja. Wa 10 na kuendelea anaanua nguo na kuzikunja. Sufuria halitang'aa unavyotaka wewe. Acha. Na wavulana humo humo, tusianze yale mambo ya jiko sio lako wakati ugali anaujua. Moto na mafuta ya moto ndo usimwachie mtoto.

Hela

Nusu ya stresi zetu ni hela tukubali tukatae, na pumzi 10 hazilipi deni. Kusini huku hela ina msimu. Korosho zikianza kuuzwa kwenye minada, kuanzia Oktoba mpaka karibu na mwisho wa mwaka, hata asiye na shamba anaisikia, mimi vitumbua vinaisha saa 1 asubuhi. Ikifika Machi, Aprili, wateja wale wale wanakopa kitumbua kimoja. Kama matumizi yako yanafuata msimu, mwili wako utaishi na hofu nusu mwaka.

Mimi nafanya hivi, msimu ukiwa mzuri kila Ijumaa natoa kiasi kile kile, hata kama ni elfu 3, nanunua kitu cha miezi mibaya: mchele, madaftari ya Januari, sabuni ya mche. Hela nikiiacha kama hela ndugu wanainusa. Mche wa sabuni hakuna anayekuja kuukopa.

Pili, michango. Likizo ya Juni na ya Desemba unyago unapamba moto, hapo hapo harusi, hapo hapo kicheni pati ya mtu ambaye humjui vizuri. Mwanzo wa mwezi amua kabisa kiasi cha michango, kiweke kwenye bahasha yake, ikiisha imeisha. Mtu akija unamwambia, "Shoga, mwezi huu bahasha yangu imeisha, ila siku yenyewe nitakuja asubuhi nikate vitunguu." Na uende kweli. Mikono siku ya shughuli ina heshima yake, wala hakuna aliyewahi kuninunia kwa hilo. Nilikuwa naogopa kusema hapana kumbe nilikuwa naogopa kivuli.

Tatu, kausha damu. Hii mikopo ya haraka ya mtaani yenye marejesho ya kila siku au kila wiki, nilichukua mmoja mwaka juzi kwa ajili ya mtaji, na nakwambia ilikuwa kila pikipiki ikisimama nje moyo unaruka, nilikuwa najificha chooni kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kama umo ndani sasa hivi, andika kwenye karatasi moja madeni yote, nani, kiasi gani, lini, na riba ya kila mmoja. Usikope huku kulipa kule. Nenda kwa anayekudai mwenyewe kabla tarehe haijafika, sio baada, uombe kupunguziwa kiwango cha kila wiki. Mwambie na mumeo au ndugu mmoja, deni la siri linauma mara mbili. Ukishatoka, rudi kwenye kikoba mnachofahamiana au mchezo wenye kijumbe mwaminifu.

Simu

Fupi tu. Magrupu ya wasap yanyamazishe, nenda kwenye grupu chagua kunyamazisha kwa masaa 8, wiki moja au siku zote, hakuna anayejua kama umenyamazisha. Bakisha la darasa la mtoto na la familia ya karibu. Yale ya kamati za shughuli angalia mara moja mchana mara moja jioni. Na simu usilale nayo chini ya mto, nunua saa ya mezani ya kukuamsha.

Kutembea, kahawa na usingizi

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kukufanya upumue kwa kasi kidogo, yaani nusu saa siku 5. Ukisema mimi nasimama kutwa nzima sijakaa, ni kweli, ila kusimama jikoni na kutembea mkono mtupu sio kitu kimoja. Ukimpeleka mtoto shule, kurudi pitia njia ndefu. Jumapili jioni sisi tunateremka Shangani, watoto wanakimbizana mchangani mimi natembea pembeni ya maji, hakuna kiingilio, mihogo ya kuchoma tunabeba nyumbani.

Kahawa na chai ya rangi kali mwisho alasiri. Kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 12 jioni saa 5 usiku nusu yake bado inakusimanga. Miezi ya joto oga kabla ya kulala, lowesha kanga uikamue uning'inize dirishani, afu ingia kwenye neti. Na ukipata dakika 20 za kulala mchana mtoto akilala, lala. Vyombo viache.

Kuna wanaomeza Piriton ili walale. Ile ni dawa ya mzio, usingizi ni athari yake tu, asubuhi unaamka kichwa kizito na kilichokukosesha usingizi bado kipo pale pale.

Tafuta benchi lako

Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda. Mwaka 2006 madaktari wa akili kwao walikuwa wa kuhesabu na wagonjwa wengi, akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma za kawaida. Hatua ya kwanza wanaiita kwa Kishona kufungua akili.

Wanachofanya ni rahisi, na hata shoga yako anaweza kukufanyia. Unamwaga matatizo yote bila kukatishwa. Afu mnachagua moja tu, sio yote. Afu mnatafuta kitu kidogo unachoweza kufanya wiki hii kwenye hilo moja. Wiki ijayo mnakutana unasema ulifanya au ulishindwa wapi.

Huku kwetu bibi tunao, makungwi tunao, ila tumewaweka kwa ajili ya unyago na ndoa tu. Mimi Alhamisi mchana nakwenda kwa bibi na machicha yangu ya nazi ya kulishia kuku wake, tunakaa barazani nusu saa. Chagua mtu ambaye la kwako halijawahi kurudi kwako kwa mlango wa pili. Na mwambie mapema, "Leo nataka unisikilize tu, ushauri baadae," la sivyo sentensi ya tatu ameshaanza hadithi yake.

Ikikataa kabisa

Stresi ya kawaida inapanda inashuka. Kama ni wiki 2 mfululizo huzuni haitoki, hulali au unalala tu kutwa, chakula hakipiti, vitu ulivyovipenda huvitaki, au unamtazama mtoto mchanga husikii kitu, hiyo sio uvivu wala kurogwa. Na kwa mliojifungua karibuni, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 anapata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Yaani kliniki mkiwa mmekaa 10 kwenye benchi, wawili wanaweza kuwa nayo. Inatibika.

Anza zahanati ya karibu au kliniki ya mtoto, au nenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa wa Mtwara na Sokoine kwa wa Lindi. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yakija usisubiri kesho, mwamshe mtu usiku huo huo aende na wewe, na watoto abaki nao mtu mwingine.

Ukifika kwa daktari usiseme "kichwa kinauma na moyo unaenda mbio" ukaishia hapo, utapimwa malaria, utaambiwa huna, utarudi nyumbani na panado. Nenda na kile kikaratasi chako cha siku 3, mpe akisome, na useme maneno haya haya: "Silali, nalia bila sababu." Afu utaje imeanza tangu lini, na nyumbani umeshindwa kufanya nini. Kama unaona aibu kuyasema mbele ya watu dirishani, mwambie nesi una jambo la faragha, atakuita ndani.